Aashiqui, Aashiqui 2 au Abhimaan? Uliza kwanza nani amekaa kwenye mkeka

Wiki iliyopita binamu yangu wa Kanyenye alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Mimi na mwenzangu tunataka lile picha la Kihindi la waimbaji, lenye mvua na koti. Tuanze la kwanza au la pili?"

Binamu yangu anaimba. Kila mwisho wa wiki anapanda jukwaani na bendi hapa Tabora mjini. Mchumba wake naye aliimba kwenye bendi hiyohiyo, wakapokezana maiki miaka mitatu, kisha akaacha na sasa anauza vipuri vya baiskeli. Watu bado humwita binti huyu, binamu yangu, kwa jina lake barabarani. Mchumba wake wanamwita "mchumba wa fulani". Kwa hiyo swali lao, ambalo kwa mtu mwingine ningelijibu kwa neno moja, nilikaa nalo siku mbili.

Kuna sababu nyingine ya kukawia. Miaka kadhaa nyuma, kule Ng'ambo, niliwahi kufunga spika na luninga uani kwetu chini ya mwembe, nikawaalika majirani, nikaweka Aashiqui 2. Nilikuwa nimeipenda mno, nikaona kila mtu ataipenda. Katikati ya filamu, stelingi akiwa ameanguka chini na chupa yake, mama mmoja jirani alinyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akaondoka bila kuaga. Mume wake alikuwa amemalizwa na pombe, nami nilijua, ila sikukumbuka. Asubuhi nikaenda kumwomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, hukukosea kuweka picha. Ulichosahau ni kutazama nani amekaa kwenye mkeka."

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza "ipi nzuri", namuuliza kwanza mtakaa nani.

Tatu zilizo mezani

Aashiqui ya kwanza ni ya 1990. Iliongozwa na Mahesh Bhatt na ikawaleta Rahul Roy na Anu Aggarwal, sura mbili ambazo watazamaji walikuwa hawajazizoea. Aashiqui 2 ilitoka Aprili 2013, chini ya Mohit Suri, na ndani yake wamo Aditya Roy Kapur na Shraddha Kapoor. Mliokulia kwenye mabanda ya video mtafurahi kujua kwamba Shraddha ni binti wa Shakti Kapoor, yule adui tuliyemzomea utoto mzima.

Ya tatu nimeiongeza mwenyewe: Abhimaan ya 1973, ya muongozaji Hrishikesh Mukherjee, wakicheza Amitabh Bachchan na Jaya Bhaduri, waliofunga ndoa ya kweli mwaka huohuo. Nimeiongeza kwa sababu jambo linalowakera binamu yangu na mchumba wake, yaani mmoja kupanda huku mwingine akishuka, Aashiqui ya kwanza inaligusa kwa mbali tu. Aashiqui 2 na Abhimaan zimelishika kwa mikono miwili, kila moja na jibu lake.

Na ile namba 2 isikutishe. Aashiqui 2 haiendelezi hadithi ya 1990. Jina la Rahul limerudi, na lile koti ambalo wapenzi hujifunika pamoja limerudi, lakini ni watu wengine kabisa, mji mwingine wa moyo. Ni kama mjukuu aliyepewa jina la babu: amerithi jina, maisha ni yake. Ukianza na ya pili hutapotea njia hata kidogo.

Majina yenyewe yanasema mengi. Aashiqui, sikio la Mswahili halihitaji mkalimani: ni ashiki ileile yetu, tumeichota kisima kimoja cha Kiarabu. Abhimaan ni majivuno, ile fahari ya mtu inayogeuka kinyongo ikiguswa.

Nitazipima kwa mambo matano: hadithi, nyimbo, namna kazi na mapenzi vinavyogombana, yale yanayoweza kumuumiza mtazamaji, na mwisho lugha na muda. Kwenye yale yanayoumiza italazimu niguse miisho. Usiyetaka kujua, ruka sehemu hiyo, ila mwenye mgeni asiyemjua vizuri asiiruke.

Hadithi

Ya 1990 ni hadithi ya vijana wawili waliojeruhiwa na wakubwa. Rahul anafanya fujo siku baba yake anaoa mke mwingine, anakamatwa, na huko kituo cha polisi anamwona Anu, msichana aliyetoroka bweni la mlezi mkali kupindukia. Wanapendana, kijana anapanda kwa kuimba, binti anaingia kwenye uanamitindo. Mambo hayajapangika sana, kuna sehemu filamu inasubiri tu wimbo unaofuata. Lakini ile hasira ya mtoto kwa baba aliyemwacha mama yake ni ya kweli, nami huwa inanigusa kuliko mapenzi yenyewe.

Ya 2013 inaanza na mtu aliyekwisha kufika juu. Rahul Jaykar ni mwimbaji mkubwa ambaye pombe imemla. Usiku mmoja, Goa, anaingia baa ndogo na kumkuta Aarohi akiimba. Anamwona binti yule akiitazama picha ya Lata Mangeshkar, mwimbaji gwiji wa India, iliyotundikwa ukutani, anaelewa ndoto yake bila kuambiwa, na kumwahidi kwamba atamfanya nyota. Ahadi inatimia. Kadiri Aarohi anavyopanda, Rahul anazama. Mfupa huu si mgeni: Wamarekani wameusimulia mara nne kwa jina la A Star Is Born, mwaka 1937, 1954, 1976 na 2018. Kama uliiona ile ya Lady Gaga na Bradley Cooper, barabara unaijua, ila mashimo ni tofauti.

Abhimaan inaanza pale ambapo filamu nyingi za mapenzi huishia, kwenye harusi. Subir ni mwimbaji maarufu wa mjini. Akiwa kijijini kwa shangazi yake anamsikia Uma akiimba, anampenda, anamwoa. Ni yeye mwenyewe anayemsukuma mkewe aimbe naye mbele ya watu. Siku ya karamu yao, mzee mmoja anayejua muziki anasikiliza wote wawili na kuona mapema kile ambacho Subir hatakiona mpaka kimchome: mke ana kipaji kikubwa zaidi. Hakuna jambazi, hakuna kufukuzana kwa magari. Ni nyumba, meza ya chai, na simu inayolia ikimtaka mke, haimtaki mume.

Nyimbo

Hapa niruhusu nikae kidogo, maana filamu hizi ukiziondolea nyimbo hazibaki.

Za 1990 zilitungwa na Nadeem na Shravan, zikaimbwa zaidi na Kumar Sanu na Anuradha Paudwal. Tuzo za Filmfare, zile kubwa za filamu za Kihindi, upande wa muziki zilikwenda kwao: watunzi, mwandishi wa mashairi Sameer, mwimbaji wa kiume na wa kike. Mjomba wangu alikuwa na kaseti yake, na utepe ulipojikunja tulikuwa tunaurudisha kwa kalamu ya Bic. Ni nyimbo zinazoshika mara moja. Ukisikia kiitikio mara mbili, ya tatu unaimba, hata kama maneno unayabuni. Ubaya wake ni kwamba zinafanana joto: huzuni na furaha zinakuja na mdundo wa karibu uleule.

Za 2013 zimegawanywa kwa watunzi watatu, Mithoon, Jeet Gannguli na Ankit Tiwari. Tum Hi Ho, ambayo Mithoon aliitunga muziki na maneno, ndiyo iliyompaisha Arijit Singh na kumpa Filmfare yake. Sidhani kuna bajaji ya Tabora ambayo haikuupiga wimbo ule. Lakini mimi nakuomba usikilize zaidi Sunn Raha Hai. Umo mara mbili, kwa sauti ya Ankit Tiwari na kwa sauti ya Shreya Ghoshal. Akiimba mwanamume ni mtu anayemlilia Mungu akiwa shimoni. Akiimba mwanamke, maneno karibu ni yaleyale, lakini yanakuwa sala ya mtu anayemngoja mwingine arudi. Filamu nzima imo humo, kwenye tofauti ya zile sauti mbili.

Abhimaan ni ya mtunzi S. D. Burman, naye alipata Filmfare kwa kazi hiyo. Jaya anaimbiwa na Lata Mangeshkar, yaani sauti tunayoisikia ni ya Lata. Ona basi: yule ambaye picha yake inaning'inia ukutani mwa baa ya Goa mwaka 2013, mwaka 1973 ndiye sauti ya Uma mwenyewe. Alifariki Februari 2022 akiwa na miaka 92, na bado sijaona filamu inayomtumia vizuri hivi, kwa sababu hapa uzuri wa sauti yake ndio tatizo lenyewe la hadithi. Usipoamini kwamba Uma anamzidi mumewe, filamu inaanguka. Lata akifungua kinywa, unaamini.

Kasoro moja mwimbaji ataiona haraka: Subir hana sauti moja. Wimbo huu anaimbiwa na Kishore Kumar, ule na Mohammed Rafi, mwingine na Manhar Udhas. Wengi hawashtuki. Binamu yangu atashtuka, najua.

Kwa kasi, nyimbo za Abhimaan ndizo za polepole kuliko zote. Ila mji wetu ulilea bendi za Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids. Mtu aliyekua akisikia magitaa yale yakizungushana kwa dakika nzima kabla mwimbaji hajasema neno, hana haraka na wimbo.

Kazi na mapenzi

Aashiqui ya kwanza inampa mwanamke hoja nzuri ambayo watu huisahau kwa sababu ya nyimbo. Anu hataki kutoka kwenye ulinzi wa mlezi mkali na kuingia kwenye ulinzi wa mpenzi. Anataka kwanza asimame kwa miguu yake. Kwa filamu ya mwaka ule, ni jambo la kuheshimiwa. Kazi zao lakini ni tofauti, mmoja anaimba, mwingine anapigwa picha, kwa hiyo hawagombei kiti kimoja.

Kwenye Aashiqui 2 wanagombea, ingawa hakuna anayetaka. Rahul hamwonei wivu Aarohi moja kwa moja, anafurahi kweli akimwona anashangiliwa. Kinachomchoma ni midomo ya watu: wanaosema anamtumia, wanaomwona kama kivuli. Hapo filamu ni kali na ya haki. Naye Aarohi yuko tayari kuacha kila kitu ili amwuguze. Wengi kwenye mkeka hulia hapo na kusema "huyo ndiye mwanamke". Mimi sikubaliani. Binti aliyetoka kuimba baa ili familia yake ile, akisema yuko tayari kuutupa uimbaji kwa ajili ya mwanamume asiyetaka kuiacha chupa, namwonea uchungu, simwoni kuwa mfano. Filamu yenyewe imegawanyika: inamsifu kwa kujitoa, na papo hapo inataka aendelee kuimba.

Abhimaan ndiyo inayosema kwa jina lake kile ambacho wanaume wengi tunakizunguka. Subir ana wivu. Hana adui wa kulaumu. Mkewe analipwa zaidi yake na anatafutwa zaidi yake, na yeye, mtu mwema, anaanza kusema maneno madogomadogo yenye miiba. Uma anaacha kuimba ili nyumba itulie, na nyumba haitulii, kwa sababu shida haikuwa kuimba kwake. Kuna mahali Amitabh anasikiliza sifa za mkewe huku akitabasamu, na tabasamu linakawia kidogo usoni kupita kiasi. Nimelirudia tukio lile mara nyingi. Nimeliona usoni mwa watu ninaowapenda, hapahapa mjini, wake zao walipopandishwa cheo.

Yanayoumiza

Ya 1990 ndiyo nyepesi kifuani. Kuna machozi, kuna kutengana, lakini wapenzi wanafika. Unaweza kumaliza na kwenda kulala.

Aashiqui 2 ina ulevi mwingi unaoonyeshwa kwa karibu, na inaishia kwa mtu kujiua akiamini kwamba anamwondolea mwenzake mzigo. Nalisema wazi kwa sababu filamu inalipamba tendo hilo kwa muziki mzuri, kana kwamba ni zawadi. Si zawadi. Waliobaki ndio wanaobeba, kama yule mama jirani anavyobeba mpaka leo. Kama kwenye mkeka kuna aliyepoteza mtu kwa namna hiyo, au aliye gizani sasa hivi, iweke pembeni. Na ukiitazama na vijana, usizime luninga mkatawanyika kimya, ongeeni kidogo. Kuna pia kukaa kinyumba bila ndoa, jambo ambalo kwa baadhi ya nyumba zetu litaleta kikohozi cha wazee.

Abhimaan ina jeraha moja zito: mimba inaharibika, na mama anabaki kama mtu aliyezimwa taa, hasemi, halii. Jaya alipata Filmfare ya mwigizaji bora kwa kazi hiyo, na alistahili. Kwa mwanamke ambaye hilo limempata karibuni, subiri. Ila mwisho wake unainuka, na unainuka kwa wimbo.

Lugha, muda na kuipata

Ya 1990 ni ndefu, kama saa mbili na nusu. Nyingine mbili ni saa mbili na kitu. Aashiqui 2 ndiyo rahisi zaidi kuikuta, ukienda kwa vijana wanaojaza muvi kwenye flashi. Kuipata ikiwa imetafsiriwa na madijei wa Kiswahili, katika ule utamaduni aliouvumisha marehemu Lufufu, si kazi ngumu. Tahadhari moja: dijei akiongea juu ya nyimbo, umepoteza nusu ya filamu. Kwa hizi tatu napendelea sauti ya asili. Mazungumzo si magumu kuyafuata kwa macho, na kila mara utadaka neno lako: dunia, wakati, safari, kwa matamshi yao. Abhimaan itakubidi uitafute mtandaoni, na uwe na mtu anayesoma maandishi ya chini na kuwasimulia wengine.

Kwa hali yako

Kama mkeka una watoto, bibi na wageni wa kila aina, na unataka watu waimbe wakiosha vyombo kesho yake, weka Aashiqui ya 1990. Ukikatika umeme katikati, hakuna atakayekosa usingizi.

Kama mko vijana, mnapenda kulia na hamna kidonda kinachofanana, Aashiqui 2 itawatosha, tena usiku, spika nzuri, simu mbali. Hamhitaji kutangulia na ya kwanza. Kama unaishi na mtu anayeanza kuzama kwenye pombe na unadhani filamu itamshtua, sidhani. Nimewaona wanaoitazama wakitoka na hamu ya kuwa Rahul, si kumwogopa. Kwa mtu huyo kaa naye mchana, uongee naye, au muende pamoja kwa mtaalamu hospitalini.

Wanaojifunza kuimba nawaambia watazame 2013 na 1973 kwa wiki moja: Sunn Raha Hai kwa sauti zote mbili, halafu Lata.

Wazee wa muziki wa dansi na wapenzi wa Bachchan, nyie Abhimaan. Mtamkuta Amitabh ambaye si yule mtu wa ngumi, akiwa na aibu na makosa ya mtu wa kawaida.

Na wale waliooana au wanaokaribia, ambao mmoja wao anang'aa zaidi kazini, awe mwimbaji, mwalimu mkuu au mfanyabiashara wa asali, nawapa Abhimaan kwanza. Si kwa sababu inashinda nyingine, ila kwa sababu inawaacha wote wawili hai mezani, wakiwa na la kuzungumza. Aashiqui 2 waitazame baadaye, wakitaka.

Binamu yangu nimemjibu hivyo hivyo, nikamtumia na Abhimaan kwenye flashi kwa mkono wa kijana wa bodaboda. Jana usiku mchumba wake akanipigia, ndiyo mara yake ya kwanza kunipigia. Hakuitaja filamu. Aliniuliza kama lile gitaa langu la zamani bado lipo, na kama nyuzi zake zinapatikana hapa mjini au mpaka Mwanza.